Julius Nyerere na elimu ya juu

Julius Kambarage Nyerere (Butiama, 13 Aprili 1922 - London, 14 Oktoba 1999) alikuwa mwalimu, mwanasiasa na rais wa kwanza wa Tanganyika, baadaye wa Tanzania. Wengi humtaja kwa jina la Mwalimu. Makala hii inaeleza maisha yake kwa upande wa elimu ya juu: shule na vyuo alivyosoma, miaka aliyofundisha mjini Tabora, na miaka 22 aliyokuwa Mkuu wa Chuo Kikuu, kwanza cha Afrika Mashariki (1963-1970), kisha cha Dar es Salaam (1970-1985).

Swali moja lilimfuata katika miaka hiyo yote: mtu aliyesomeshwa kwa fedha za wakulima ana deni gani kwao, na ni nani mwenye haki ya kulidai deni hilo? Jibu lake lilikipa chuo kikuu cha Tanzania nafasi kubwa katika ujenzi wa taifa. Jibu hilohilo liliipa serikali na chama sababu ya kukiingilia chuo mara kwa mara.

Utoto na safari ya Tabora

Nyerere alizaliwa katika kijiji cha Butiama, karibu na Musoma, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki; mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Alichelewa kuanza shule: alikuwa na umri wa miaka 12 alipopelekwa Shule ya Msingi Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934. Alifaulu vizuri, na mwaka 1937 alichaguliwa kwenda Shule ya Serikali ya Tabora.

Tabora ulikuwa mji wenye historia ndefu. Tangu katikati ya karne ya 19 eneo hilo la Unyanyembe lilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Hapo njia iligawanyika, moja ikielekea Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga makazi yao karibu na himaya ya watemi wa Unyanyembe. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na vitambaa, shanga na bunduki kwenda bara, na watumwa walipitishwa katika njia hiyohiyo. Wajerumani waliutwaa mji baada ya kumshinda Mtemi Isike mwaka 1893. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tangu hapo kazi ya misafara ilichukuliwa na gari moshi.

Baada ya Waingereza kuichukua Tanganyika, Tabora ilichaguliwa kuwa mahali pa shule ya serikali ya wavulana. Shule hiyo, iliyoanza katika miaka ya 1920, ililenga kwanza kuwaelimisha watoto wa machifu ili wawe watumishi wa utawala wa kikoloni. Iliendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za Uingereza, zenye viranja, michezo na nidhamu kali. Baadaye ilipokea pia vijana wengine wenye akili kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Kati ya waliosoma hapo ni Abdallah Fundikira, aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe na waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika, na Rashidi Kawawa, aliyekuwa waziri mkuu.

Nyerere alisoma Tabora hadi mwaka 1942. Alikuwa kiranja na alipenda midahalo. Kijana kutoka ukoo wa Kizanaki alikutana huko na wenzake Wanyamwezi, Wahaya, Wachagga na wengine, wote wakiishi bweni moja. Shule iliyokusudiwa kutoa watumishi watiifu ilitoa pia kundi la vijana waliofahamiana kutoka pande zote za nchi, jambo ambalo wakoloni hawakulipanga.

Makerere

Mwaka 1943 Nyerere alijiunga na Chuo cha Makerere, Uganda, na mwaka huohuo alibatizwa katika Kanisa Katoliki na kupewa jina la Julius. Wakati huo Makerere ilikuwa mahali pekee katika Afrika Mashariki ambapo Mwafrika angeweza kupata masomo ya juu, lakini haikutoa shahada. Iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949 tu. Nyerere alisomea ualimu na kumaliza mwaka 1945.

Akiwa Makerere alisoma maandishi ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill. Alishinda shindano la insha kwa kutumia hoja za Mill kueleza hali ya wanawake katika kabila lake mwenyewe. Pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu alianzisha chama cha ustawi wa wanafunzi Watanganyika, ambacho baadaye kiliingia katika Tanganyika African Association (TAA).

Mwalimu wa Tabora

Mwaka 1946 Nyerere alirudi Tabora, safari hii akiwa mwalimu. Alikuwa na nafasi mbili: kufundisha katika shule ya serikali aliyosoma, au katika Shule ya St. Mary's iliyoendeshwa na mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Kazi ya serikali ilikuwa na mshahara mkubwa zaidi na pensheni. Hata hivyo alichagua St. Mary's, ambako Tibandebage pia alifundisha.

Nje ya darasa alifanya kazi katika tawi la TAA la Tabora. Mkuu wa shule, Padre Richard Walsh, alimsaidia katika mipango ya kuendelea na masomo. Mwaka 1949 alipata ufadhili wa serikali ya kikoloni kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Miaka ile mitatu ya ualimu wa Tabora, pamoja na ile ya Pugu iliyofuata, ndiyo chanzo cha jina la Mwalimu.

Edinburgh, Pugu na TANU

Huko Edinburgh Nyerere alisoma uchumi, historia, falsafa na masomo mengine ya sanaa, akapata shahada mwaka 1952. Baadaye alisema mara nyingi kwamba mawazo yake mengi ya kisiasa yalipata umbo katika miaka hiyo, kwa sababu alipata nafasi ya kusoma na kufikiri bila haraka. Chuo kikuu alichokijua kwanza, basi, kilikuwa chuo kinachojitawala, ambacho hakikumdai chochote isipokuwa kusoma.

Aliporudi alifundisha katika Shule ya St. Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1953 alimwoa Maria Waningu na kuchaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa Tanganyika African National Union (TANU). Mwaka 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, aliacha kufundisha.

Tabora ilikuwa tena mahali pa tukio kubwa katika maisha yake mwezi Januari 1958. Mkutano mkuu wa TANU uliofanyika huko ulijadili uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Haki ya kupiga kura yenyewe ilitegemea masharti ya kipato, elimu au cheo, kwa hiyo Waafrika wengi waliachwa nje. Wajumbe wengi walitaka kususia. Nyerere aliwashawishi washiriki, akieleza kwamba kususia kungewapa wengine viti vyote. Hoja yake ilishinda, na baadhi ya wapinzani, wakiongozwa na Zuberi Mtemvu, walijitoa na kuunda chama kingine. TANU ilishinda uchaguzi wa 1958-1959. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Chuo katika jengo la chama

Tanganyika ilikaribia uhuru ikiwa haina chuo kikuu. Serikali ya TANU haikutaka kusubiri hadi majengo yakamilike. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Sheria ilichaguliwa kwa sababu haikufundishwa Makerere, na nchi mpya ilihitaji mahakimu na wanasheria wake.

Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Nyerere akawa Mkuu wake. Mwaka 1964 chuo cha Dar es Salaam kilihamia kwenye kilima kilicho njia ya Ubungo, ambacho mpaka leo huitwa Mlimani.

Nyerere alieleza kazi ya chuo kikuu katika hotuba nyingi. Kwa maoni yake chuo kina kazi tatu: kurithisha maarifa ya juu, kutafuta maarifa mapya, na kuipatia nchi wataalamu. Alisisitiza kwamba mwanachuo lazima awe huru kufikiri na kusema ukweli, kwa sababu taifa linalodanganywa na wasomi wake halipati faida yoyote kwao. Lakini aliongeza kwamba nchi maskini haiwezi kulipia chuo kinachojitenga na shida za watu wake. Aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo asiporudi amewasaliti waliompa chakula.

Mgogoro wa 1966

Fundisho hilo lilijaribiwa mwaka 1966. Serikali iliamua kwamba wahitimu wa chuo kikuu, pamoja na wa kidato cha sita na vyuo vingine, wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Sehemu ya kwanza ingekuwa kambini. Katika sehemu iliyobaki wangefanya kazi zao za kitaaluma lakini wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi walipinga. Waliona wanabebeshwa mzigo ambao mawaziri na wabunge hawaubebi.

Tarehe 22 Oktoba 1966 mamia ya wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Baadhi ya mabango yao yalidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa hasira. Alikubali kwamba mishahara ya viongozi ilikuwa mikubwa mno, na papo hapo alitangaza kupunguza wake kwa asilimia 20. Baada ya hapo aliamuru wanafunzi warudishwe makwao. Waliofukuzwa walikuwa 393, wengi wao wakitoka chuo kikuu. Mwaka uliofuata wengi waliruhusiwa kurudi.

Tukio hilo lilikuwa na matokeo makubwa kuliko adhabu yenyewe. Lilimwonyesha Nyerere kwamba elimu ilikuwa inajenga tabaka jipya linalodai malipo makubwa. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa, likiwa na masharti ya uongozi yaliyowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha. Mwezi Machi ulitoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huohuo ulifanyika mkutano kuhusu nafasi ya chuo kikuu katika Tanzania ya kijamaa.

Mlimani wa mijadala

Baada ya 1967 Mlimani palikuwa moja ya sehemu zenye mijadala mikali zaidi barani Afrika. Walimu na wanafunzi walitoka nchi nyingi. Mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha huko katika vipindi viwili hadi 1974, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoifanya Afrika iwe nyuma kimaendeleo kilitoka mwaka 1972, kikichapishwa pia na Tanzania Publishing House. Chama cha wanafunzi cha mrengo wa kushoto, USARF, kiliongozwa mwanzoni na Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuwa rais wa Uganda. Nyerere mwenyewe alifika chuoni mara kwa mara kuhutubia na kujibu maswali.

Uhuru huo ulikuwa na mpaka. Wanafunzi wa USARF walichapisha jarida lililoitwa Cheche. Mwaka 1970 toleo moja lilibeba uchambuzi wa Issa Shivji uliodai kwamba ndani ya Tanzania ya kijamaa kulikuwa na mapambano ya kitabaka ya kimyakimya, na kwamba watendaji wa serikali wenyewe walikuwa upande mmoja wa mapambano hayo. Mwezi Novemba mwaka huohuo Cheche na USARF zilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina la jarida lilitokana na gazeti la wanamapinduzi wa Urusi, na kwamba Tanzania haikuhitaji itikadi za kuazima. Waliofungiwa hawakuwa wapinzani wa ujamaa. Walikuwa wakiudai utekelezwe zaidi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chuo chake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza rasmi tarehe 1 Julai 1970, Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Makamu Mkuu wa Chuo aliyeteuliwa alikuwa Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu Mtendaji Mkuu wa TANU. Kwa uteuzi huo kiongozi wa chama alikabidhiwa uendeshaji wa chuo.

Mwaka 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alifukuzwa baada ya wanafunzi kuukosoa uongozi wa chuo waziwazi, na polisi wenye silaha waliingia chuoni kumchukua. Wanafunzi waligoma, na baadhi ya walimu waliwaunga mkono. Mgogoro huo ulihusu swali lilelile kwa sura nyingine: kama chuo ni cha umma, je, umma unawakilishwa na uongozi ulioteuliwa kutoka juu tu, au pia na wale wanaosoma na kufundisha humo?

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilibadilisha utaratibu wa kuingia chuoni. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda moja kwa moja. Alitakiwa kwanza kupita jeshini, kufanya kazi na kupata pendekezo la mahali pa kazi na la chama. Lengo lilikuwa kupata wanafunzi wakomavu wanaojua maisha ya wananchi. Lakini idadi ya wanawake walioingia chuoni ilishuka, na baadaye wao waliruhusiwa kujiunga bila kusubiri. Sharti la pendekezo la chama nalo lilifanya mlango wa chuo uwe mikononi mwa viongozi wa siasa.

Mwezi Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena. Safari hii walipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge, wakisema inakwenda kinyume cha Azimio la Arusha. Polisi waliwatawanya kwa nguvu, na takriban wanafunzi 350 walifukuzwa chuoni. Mwaka 1966 wanafunzi waliadhibiwa kwa kukataa kujinyima. Mwaka 1978 waliadhibiwa kwa kuwataka viongozi wajinyime. Wachambuzi wengi wa historia ya chuo huyaona matukio haya mawili kuwa kipimo cha siasa ya Nyerere kuhusu wasomi.

Hali ya nchi jirani inasaidia kuyaweka matukio hayo mahali pake. Huko Uganda, Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere, alikamatwa mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin na hakuonekana tena. Nchini Kenya, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini kuanzia mwisho wa 1977, na chuo hicho kilifungwa kwa muda mrefu baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Tanzania haikufika huko, na wasomi wengi waliokimbia nchi hizo walipata kazi Mlimani. Hata hivyo mahali pote tatu hapakuwa na sheria iliyokipa chuo kinga imara dhidi ya serikali. Usalama wa msomi ulitegemea hiari ya mtawala.

Upungufu wa fedha na nguvu ya soko

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 uchumi wa Tanzania ulidhoofika kutokana na bei za mafuta, ukame, vita vya Kagera na udhaifu wa mashirika ya umma. Vitabu na vifaa vilipungua chuoni, mishahara ya walimu ilipoteza thamani, na wengi waliondoka kwenda nchi nyingine au kutafuta kazi za ushauri. Nyerere alikataa kwa miaka kadhaa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Alistaafu urais mwaka 1985, akabaki mwenyekiti wa Chama cha Mapinduzi hadi 1990. Mrithi wake, Ali Hassan Mwinyi, alifikia makubaliano na shirika hilo mwaka 1986.

Wakati huo wataalamu wa Benki ya Dunia walieneza hoja kwamba nchi maskini hupata faida ndogo zaidi kwa kugharimia vyuo vikuu kuliko shule za msingi, na kwamba mwanafunzi wa chuo anapaswa kulipia sehemu ya masomo yake. Hoja hiyo ilifanana kidogo na ya Nyerere, kwa kuwa yeye pia aliona kuwa mkulima anamlipia kijana mwenye nafasi nzuri kuliko yeye. Lakini mahitimisho yalikwenda njia tofauti. Kwa Nyerere deni lililipwa kwa utumishi. Kwa watetezi wa soko lililipwa kwa fedha.

Mwezi Aprili 1990 wanataaluma walikutana Dar es Salaam na kupitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii. Azimio hilo liliweka mambo mawili pamoja: haki ya msomi kutoingiliwa na wajibu wake kwa wananchi. Mwezi Mei mwaka huohuo serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutokana na mgogoro na wanafunzi. Mwezi Novemba azimio la namna hiyo lilipitishwa Kampala kwa ajili ya bara zima.

Katika miaka ya 1990 Tanzania ilianza hatua kwa hatua mpango wa uchangiaji wa gharama, na vyuo vikuu binafsi viliruhusiwa. Huko Uganda mabadiliko yalikuwa ya kasi zaidi. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia, na baada ya miaka michache walikuwa wengi kuliko wanaolipiwa na serikali. Mahmood Mamdani, ambaye alifundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, alichapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu mageuzi hayo. Alionyesha jinsi idara zilivyoshindana kuanzisha kozi zenye wateja, huku utafiti na ubora wa mafundisho vikishuka.

Miaka ya mwisho

Baada ya kustaafu Nyerere aliongoza Tume ya Kusini, iliyotoa taarifa yake mwaka 1990 kuhusu maendeleo ya nchi maskini. Alikosoa hadharani ufisadi, ukabila na baadhi ya hatua za ubinafsishaji. Alishughulika pia na usuluhishi wa vita vya Burundi. Alifariki kwa saratani ya damu katika Hospitali ya St. Thomas', London, tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Tathmini

Wanaomsifu Nyerere kuhusu elimu ya juu hutaja kwamba alianzisha chuo katika nchi iliyokuwa na wahitimu wachache sana, na kwamba mtoto wa mkulima aliweza kusoma hadi shahada bila kulipa ada. Hutaja pia kwamba chini yake Mlimani palizaa fikra za Kiafrika zilizosomwa duniani kote. Wanaomkosoa hueleza kwamba alidai chuo kiseme ukweli, lakini ukweli ulipoigusa serikali yake chuo kiliadhibiwa. Wanaongeza kwamba chuo kilichozoea kuongozwa na chama hakikuwa na nguvu ya kujitetea fedha za serikali zilipokauka.

Tathmini zote mbili zinakutana katika jambo moja. Nyerere alijua kwamba hakuna chuo kisicho na mlipaji, na kwamba kila mlipaji huja na madai yake. Aliamini kwamba dola inayotokana na wakulima ingedai kwa niaba yao bila kuwanyamazisha wasomi. Historia ya 1970, 1971 na 1978 inaonyesha kwamba dola ilidai pia kwa niaba yake yenyewe.

Urithi

Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961 kwa ajili ya elimu ya viongozi, sasa ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 2008 Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, na mshika kigoda wa kwanza alikuwa Issa Shivji, yuleyule ambaye uchambuzi wake ulichapishwa katika Cheche.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, huwakopesha wanafunzi fedha za ada na kujikimu, nao hurejesha baada ya kumaliza masomo. Deni la msomi kwa jamii limepata hesabu ya shilingi. Anayelimaliza anaweza kuona kwamba hadaiwi tena na yeyote, mtazamo ambao Nyerere asingeukubali.

Tabora, mji ambao Nyerere alisoma na kufundisha, sasa una Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza. Kinamilikiwa na Kanisa Katoliki na kimepewa jina la Marko Mihayo, aliyekuwa askofu mkuu wa Tabora. Vijana wa Tabora na mikoa ya jirani, ambao zamani wangelazimika kwenda Makerere au Dar es Salaam, sasa wanaweza kusomea shahada mjini humo. Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora nayo bado inapokea wanafunzi kutoka sehemu mbalimbali za nchi.